Nafasi Ishirini na Mbili

Malenga wenzangu wameniuliza mara kadhaa ni kitu gani kinachomtoa mpenzi wa tungo za arudhi kwenye karatasi yake na kumkalisha mbele ya televisheni ya kichogo, mkononi kashika padi ya mchezo uliotoka mwaka 1985. Mara nyingi nimewajibu kwa mzaha. Leo nawajibu kwa dhati, kwa kuwa kazi niliyoifanya ndani ya mchezo ule imenionyesha upande wa mizani ambao sikuuona katika vitabu vya kanuni za utunzi, na nadhani wapenzi wa lugha wanaopita hapa wataona una faida.

Mchezo wenyewe ni Super Mario Bros., uliotolewa na Nintendo huko Japani Septemba 1985 kwa ajili ya mashine iitwayo Famicom, ambayo Marekani na Ulaya iliuzwa kwa jina la NES. Fundi bomba mwenye masharubu anavuka dunia nane, kila dunia na hatua zake nne, akimtafuta binti mfalme aliyetekwa. Mwishoni mwa kila moja ya dunia saba za mwanzo anaingia ngomeni, anamshinda adui, na mahali pa binti mfalme anamkuta mtumishi mwenye kichwa cha uyoga. Mtumishi anamshukuru, kisha anampa habari nzito: unayemtafuta hayumo humu, yuko ngome nyingine.

Maneno hayo yameandikwa kwa Kiingereza hata katika kaseti zilizouzwa Japani. Watoto wa Tokyo na wa Chicago walikutana na sentensi zilezile. Nasi tulioucheza kwa mashine za kuiga, zile zilizokuja na kaseti moja yenye michezo tele, tuliyapita maneno yale kama mtu apitavyo kibao cha barabarani katika nchi ya watu. Tulijua tu kwamba safari haijakwisha. Nilitaka yule mtumishi aseme Kiswahili, tena aseme ndani ya mashine ya asili, katika kioo kilekile.

Hapo ndipo hesabu ilipoanza. Mchezo mzima una kilobaiti 40: 32 za maagizo na 8 za picha. Picha moja iliyopigwa kwa simu ya leo huushinda uzito huo mara nyingi. Katika nyumba finyu namna hiyo hakuna chumba cha wageni. Kila herufi imehifadhiwa kwa namba: A ni 10, B ni 11, hadi Z ambayo ni 35. Ukitaka kuandika “nash” unaandika 23, 10, 28, 17. Nafasi tupu kati ya neno na neno nayo ina namba yake, 36. Kwa mashine hii, kimya ni herufi kamili na kinakula chumba sawa na herufi nyingine yoyote. Kabla ya kila mstari, mashine imeelezwa mambo mawili: mahali pa kuanzia kuandika kwenye kioo, na idadi ya herufi zitakazoandikwa. Mstari wa shukrani una nafasi 16. Habari ya binti mfalme ina mistari miwili, wa kwanza nafasi 22, wa pili nafasi 15.

Ukiongeza herufi moja, kila kilicho nyuma yake kinasogea, na maagizo yanayokwenda kutafuta kitu mahali pake yanakikosa. Fundi hodari anaweza kuhamisha maneno, akayapeleka pembe nyingine ya kumbukumbu na kuirekebisha mashine ifuate huko. Mimi nilichagua kubaki ndani ya 16, 22 na 15. Hakuna aliyenilazimisha, kama ambavyo hakuna amlazimishaye mshairi kuandika tarbia.

Msomaji wa ukumbi huu atakuwa amekwisha kusita kwenye ile 16. Ndiyo mizani ya mshororo wetu uliozoeleka, nane ukwapi na nane utao. Tofauti ni kwamba sisi tunahesabu silabi na mashine inahesabu herufi. Kwetu “ngo” na “u” ni mizani moja moja; kwa mashine, ya kwanza ni nafasi tatu na ya pili ni nafasi moja. Kwa hiyo sikio lililozoea kupima kwa ulimi lilipaswa kujifunza kupima kwa jicho.

“Asante sana Mario” ni nafasi 17, tena bila alama ya mshangao. Moja tu imezidi, na mtunzi yeyote anaijua hasira ya moja iliyozidi. “Asante Mario!” ni 13, na nafasi tatu zilizobaki zingeweza kujazwa kimya, lakini hiyo ni shukrani ya mtu aliyerudishiwa chenji dukani, na huyu mtumishi ametoka kufunguliwa kifungoni. “Twashukuru Mario” ni 16 kamili, ila msemaji yuko peke yake ukumbini na mshangao hauna pa kukaa. Nikafika kwenye “Nashukuru Mario!”, nafasi 16, mshangao ukiwemo. Ule wakati wa -a-, ambao katika mazungumzo ya wengi umeachia nafasi -na-, uko hai katika ushairi, na hapa umeokoa herufi mbili ambazo “ninashukuru” ingezidai. Anayecheza wa pili huitwa Luigi, na kwa bahati njema Luigi na Mario wote wana herufi tano, hivyo mstari wake ulijitunga wenyewe.

Mstari wa mwisho nao ulikuja bila kuitwa. “Ngome nyingine!” ni nafasi 15, wala hazipungui wala hazizidi. Shida ilikuwa ule wa kati. Ulipaswa kubeba kikwazo, mtu na mahali: lakini, binti mfalme, yuko. “Lakini binti mfalme yuko” ni nafasi 24. Mbili zimezidi.

Kijana mmoja rafiki yangu, ambaye hushindana kuumaliza mchezo huu kwa kasi, aliniletea dawa siku ileile. “Kaka, weka bali. Bali binti mfalme yuko. Nimehesabu, 22 kamili.” Alikuwa amehesabu sawasawa. Lakini “bali” hudai ukanusho utangulie: hayuko hapa, bali yuko kule. Mtumishi wetu hakukanusha lolote, ametoka kushukuru. “Ila” ilileta 21, ikaacha pengo moja, na ndani yake mna harufu ya kutoa kitu katika kundi, kama ni wote waliokuwamo isipokuwa binti mfalme. Yote mawili husikika mitaani kwa maana ya lakini, na simlaumu asemaye hivyo. Ila kwenye kaseti neno halina mkono wala uso wa kulisaidia.

Nikampigia simu mzee aliyenifunza arudhi, ambaye hajawahi kushika padi maishani mwake. Nilimsomea mstari nikamweleza deni la herufi mbili.

“Mwanangu,” akasema, “mstari unaofuata unataja nini?”

“Ngome nyingine, Mwalimu.”

“Basi mahali pamekwisha kutajwa. Hiyo ko ya yuko unaibeba ya nini? Kwani yu imekufa lini?”

Lakini binti mfalme yu
ngome nyingine!

Ishirini na mbili, kisha kumi na tano. Mzee hakuhesabu herufi hata moja. Alisikiliza kazi ya kila kipande cha neno. Ile -ko ni kiashirio cha mahali. Mahali penyewe panapotajwa mara moja mbele yake, inabaki kama mtumishi anayenyoosha kidole kwenye mlango ambao mgeni amekwisha kuufungua. Na “yu” bado tunayo kila siku katika “yu hai” na “yu mgonjwa”. Tumeizoea hata hatuoni kwamba ni hazina. Vitabu huita ufupisho wa namna hii inkisari na kuuweka katika orodha ya idhini za mshairi, na wanafunzi wengi hutoka darasani wakidhani idhini ni ruhusa ya kuvunja. Mashine ilinifanya nione vingine. Idhini nzuri ni ile inayotoa kilichokuwa hakifanyi kazi. “Bali” ingetimiza hesabu kwa kulitia neno katika kazi isiyo yake. “Yu” ilitimiza hesabu kwa kurejea katika sarufi ya ndani zaidi ya lugha. Kwenye karatasi ya hesabu zote mbili ni 22.

Mabadiliko yenyewe hayakuwa mengi. Mistari minne, ukihesabu wa Luigi, ina herufi 69. Wanaorekebisha michezo ya zamani hawagawi mchezo mzima, maana mchezo una mwenyewe. Hugawa kiraka, yaani faili dogo linalosema tu: nenda mahali fulani, weka namba hizi. Kiraka changu chote kina baiti 97, urefu unaokaribiana na ubeti mmoja wa utenzi. Anayekitaka hutafuta mchezo wake mwenyewe, akakishonea. Napenda neno hilo kiraka. Linakiri kwamba nguo ni ya mwingine.

Kisha likaja suala la mashine ya asili. Kompyuta yoyote leo inaweza kuendesha programu inayoiga NES, na kiraka hufanya kazi humo papo hapo. Kwa nini basi kusumbuka na mashine yenye umri wa miaka zaidi ya 30, kaseti yenye kadi ya kumbukumbu, na televisheni inayohitaji watu wawili kuibeba? Jibu liko katika tabia ya waigaji. Programu za kuiga za zamani, kama NESticle ya mwaka 1997, zilikuwa na huruma. Katika mashine ya kweli, maandishi hayawezi kupelekwa kwenye kioo wakati wowote. Kuna mapumziko mafupi baada ya kila picha, mwale wa televisheni ukirudi kutoka chini kwenda juu, na ndani ya mapumziko hayo kichakato kina mizunguko 2,270 hivi ya kufanya kazi yake. Ukichelewa, picha inavurugika. Programu zenye huruma zilisamehe uchelewaji huo. Basi warekebishaji wengi wa enzi ile walitengeneza michezo iliyopendeza kwenye kompyuta, na ilipotiwa kwenye kaseti ikayumba au ikakataa kuwaka.

Nani kati yetu hajakutana na shairi la aina hiyo? Limepangwa, vina vimewekwa, hesabu imetimia kwenye karatasi. Kisha linapanda jukwaani, mghani anafika kwenye neno lililobanwa liingie, na ulimi unajikwaa mbele ya watu. Karatasi ni mwigaji mwenye huruma. Mashine ya asili ya shairi letu ni koo na sikio, na hukumu yao haina rufaa. Hata hivyo, wapo wanaotunga miaka na miaka bila kughani wala kughaniwa, wakijipima kwa karatasi tu, kisha wakawaambia vijana kwamba kanuni ni ile hesabu. Hao, kwa maoni yangu, wameidhuru arudhi kuliko mtunzi yeyote wa shairi huru.

Wale wanaoshindana kwa kasi wanalijua hili kwa njia yao. Ndani ya Super Mario Bros. kuna saa iliyofichika. Picha hubadilika karibu mara 60 kwa sekunde, na mchezo hukagua kama hatua imekwisha mara moja tu katika kila picha 21. Wenyewe huifananisha na basi linaloondoka kwa ratiba; mimi nafikiria pantoni ya Kigamboni. Ukifika ufukweni mapema kwa dakika mbili, au ukafika mlango unafungwa, mtavuka pamoja. Mchezaji akiokoa picha tano katika hatua ya kwanza hajaokoa kitu, isipokuwa zile tano zimemvusha kwenye pantoni ya mbele, na hapo anapata theluthi ya sekunde kwa mkupuo. Hatua ya mwisho pekee haina pantoni; humo kila picha ni yake. Mwaka 2021 mchezaji ajulikanaye kwa jina la Niftski alikuwa wa kwanza kushuka chini ya dakika 4 na sekunde 55, kwa muda wa 4:54.948. Hakuna aliyefika hapo kwa kubonyeza haraka tu. Walioutafuta muda huo kwa miaka waliisoma mashine, wakajua ni wapi haraka ina maana na wapi ni jasho la bure. Ndivyo ilivyo kwa mtunzi anayehangaika kulipamba neno katikati ya mshororo ilhali sikio la hadhira linangoja kina.

Na sasa nifike penye uchungu. Anayetafuta muda mfupi kabisa hutumia njia za mkato: kutoka dunia ya kwanza anarukia ya nne, kutoka ya nne anarukia ya nane. Katika hatua 32 anapita 8 tu. Ngome saba zenye yule mtumishi hazikanyagi. Mistari yangu mitatu, pamoja na ule mjadala wa “bali” na “yu”, iko ndani ya kaseti yake naye haioni. Wapo wanaoshindana bila njia za mkato, kwa takriban dakika 19, na hao humkuta mtumishi mara saba; lakini macho yao yako kwenye saa. Yule kijana rafiki yangu alicheza kaseti yenye kiraka tangu mwanzo hadi mwisho, na nilipomuuliza kuhusu maneno alicheka: “Kaka, pale ndipo ninapopumzisha vidole.”

Nilifikiri jambo hilo kwa siku nyingi. Tunajua tangu miaka ya 1970, na hasa tangu Kichomi cha Kezilahabi mwaka 1974, jinsi swali hili lilivyotugawa: mizani na vina vina faida gani kama msomaji havihesabu? Wanajadi wakajibu kwamba bila hivyo si shairi. Wanamabadiliko wakajibu kwamba hivyo ni pingu. Sina nia ya kuufufua ugomvi uliokwisha kuzeeka. Naongeza tu ushahidi wa mtu aliyefanya kazi ambayo wasomaji wake hawaisomi. Kama ningejiambia kwamba hakuna atakayeona, ningeweka “bali” na kulala mapema. Sharti la nafasi 22 ndilo lililonikatalia usingizi, likanipeleka kwa Mwalimu, naye akanirudishia neno ambalo nilikuwa nalo kinywani siku zote bila kulitazama. Faida ya sharti iliingia kwa mtunzi kwanza. Ikimfikia msomaji, itamfikia kama lugha iliyosimama wima, hata kama hajui ni nini kinachoisimamisha.

Tena zipo nyakati ambapo urefu wa lugha humgusa hata mkimbiaji asiyesoma. Katika The Legend of Zelda: Ocarina of Time ya mwaka 1998, maneno hujitokeza herufi kwa herufi, na wanaoshindana kwa muda mrefu wamechagua toleo la Kijapani kwa sababu sentensi zake huisha mapema. Nimewahi kujiuliza Kiswahili kingesimama wapi katika foleni hiyo. “Hatutawasahau” ni herufi 13, na ndani yake mna ukanusho, mtendaji, wakati, watendwa na tendo. Kiingereza kingehitaji maneno matano na nafasi 23 kusema hivyo. Tumezoea kusikia kwamba Kiswahili ni kirefu, hakiingii katika vitufe vya simu wala vichwa vya habari. Mara nyingi kinachozidi ni ile tafsiri iliyofuata mpangilio wa sentensi ya Kiingereza, neno kwa neno. Ukiiachia lugha ijipange yenyewe, inajua kubana.

Nimebakiza mistari miwili ambayo sijaigusa, nami naiweka hapa mbele ya wajuzi. Binti mfalme akishaokolewa katika dunia ya nane, saa ya washindani hukoma pale Mario anapogusa shoka, na ndipo maneno ya mwisho hutokea, wakati hakuna tena haraka yoyote. Mstari mmoja humwambia kwamba safari yake imetimia. Una nafasi 19. Unaofuata humwambia kwamba anapewa safari mpya; una nafasi 27. Nafasi tupu inahesabiwa, nukta inahesabiwa, na herufi zote ni kubwa. “Safari yako imekwisha” ni 21. “Safari yako imeisha” ni 19 kamili, lakini haina pa kutia nukta, na Mwalimu anasema hataki kuisikia “imeisha” mahali ambapo “imekwisha” ingekaa. Kaseti iko mezani, kiraka kiko wazi. Anayedhani ana mstari aughani kwanza, kisha auhesabu, kisha anitumie. Nitautia kwenye mashine, nasi tutaona kama unasimama.